Jibu: Saini za wachezaji kwenye kadi za besiboli

Mkuu, umeuliza kama ununue kadi iliyokwisha sainiwa au umfuate mchezaji mwenyewe. Mfuate. Februari na Machi timu za ligi kuu ya Marekani huwa mazoezini Florida na Arizona, na huko wachezaji husogea hadi kwenye uzio. Wahi asubuhi. Beba Sharpie (kalamu ya wino usiofutika) ya bluu, maana nyeusi hupotea kwenye picha yenye giza. Kadi za Topps Chrome, zile zenye uso wa kung'aa, ndizo sumbufu: zinateleza, wino unajikusanya vitone. Paka poda ya mtoto kidogo, futa kwa kitambaa laini, ndipo umpe asaini. Ukilazimika kununua (saini feki za Babe Ruth, nyota wa zamani wa besiboli, zimejaa!), dai cheti cha PSA au JSA, kampuni zinazothibitisha saini halisi, na namba yake uihakiki kwenye tovuti yao kabla hujatoa hela.