Maswali yenu: Baa ya Dickens kando ya mto Thames

Naenda London. Ipi hasa ile baa ya kale inayotajwa na wapenzi wa Dickens?

Ni The Grapes, mtaa wa Narrow Street, eneo la Limehouse, mashariki mwa London. Jengo lililopo ni la miaka ya 1720. Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa karne ya 19, aliifahamu Limehouse tangu utotoni, maana baba yake wa ubatizo alikaa huko. Katika riwaya ya Our Mutual Friend (1864–65) aliipa baa jina jingine, The Six Jolly Fellowship Porters, akaieleza kuwa nyumba kongwe iliyopinda, inayouning'inia mto. Ukiingia utaitambua: chumba chembamba, na nyuma kabisa roshani juu ya maji.

Lazima nimalize riwaya nzima kwanza? Ni nene mno.

Hapana, ila tafadhali usiende mikono mitupu. Soma sura ya kwanza, baba na bintiye wakiopoa maiti mtoni usiku, kisha ya sita. Humo mwenye baa, Abbey Potterson, anawaamuru wanaume wazima waende kulala nao wanatii bila ubishi. Halafu anamwita yule binti, Lizzie, anamsihi amwache baba yake. Lizzie anakataa. Mimi sura hiyo hunishika koo kila niisomapo. Bila Lizzie, utakuwa umeangalia mbao na vioo tu.

Mimi ni Mwislamu, sinywi. Nitashangaliwa?

Hutashangaliwa. Agiza soda au chakula kaunta, lipa hapo hapo, ukae. Kama moyo hauridhii kuingia penye pombe, usijilazimishe. Litazame jengo kutoka mtaani, na sura ya sita uisome popote.

Niende saa ngapi?

Tazama kwanza ratiba ya maji. Thames hujaa na kupwa kama bahari yetu, tena kuzidi: wakati wa bamvua tofauti hukaribia mita 7. Maji yakijaa yanakuwa chini ya miguu yako roshanini, na ile sanamu iliyotengenezwa na msanii Antony Gormley, iliyosimama mtoni, inazungukwa pande zote. Chagua alasiri ya katikati ya wiki. Wikendi watu hufurika.

Ni kweli ni mali ya Ian McKellen, yule mwigizaji?

Ndiyo, ni mmoja wa wamiliki tangu 2011. Ukitumia treni za DLR, shuka Westferry. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu.