Pudini yenye limau zima ndani
Dada, pudini uliyoieleza, ile ambayo marehemu mama mkwe wako huko Uingereza aliipika kwa kuficha limau zima ndani yake, ni Sussex Pond Pudding, yaani pudini ya bwawa ya Sussex, eneo la kusini mwa Uingereza. Imepewa jina la bwawa kwa sababu ikikatwa, siagi na sukari zilizoyeyuka humwagika na kuizunguka sahanini. Donge la unga wa ngano huchanganywa na mafuta magumu ya figo za ng'ombe, hutandazwa ndani ya bakuli, hujazwa siagi, sukari ya kahawia na limau lililotobolewa pande zote, kisha hufunikwa kwa donge lililobaki na kupikwa kwa mvuke kwa muda wa saa 3 na nusu hivi. Muda huo usiupunguze, kwani ganda la limau lisipolainika huleta uchungu. Na ndimu zetu, kwa maoni yangu, hazifai hapa. Ukipekua vitabu vya mapishi vya karne ya 17 utaikuta pudini ya Sussex isiyo na limau, basi usidhani umepotea. Yenye limau itafute katika English Food, kitabu cha mwandishi wa mapishi Jane Grigson, kilichochapishwa mwaka 1974.