Laptopu ya gemu kupiga kelele: anza na vumbi

Pole ndugu, kelele za feni usiku wakati wenzako wamelala zinakera kweli. Umesema laptopu ina miaka mitatu, haijawahi kufunguliwa, na inavuma hata kwa gemu ndogo. Hapo mimi nashuku vumbi kwanza.

Vumbi halikai kwenye feni tu. Hujazana nyuma yake, kwenye vile vibati vyembamba vya kutolea joto, likashikana kama kipande cha blanketi. Hewa haipiti, feni inazidi kukimbia. Zima mashine, fungua kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri, kisha safisha kwa brashi laini na hewa ya kopo. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, maana kuizungusha kwa nguvu kunaweza kuua beringi, ile sehemu inayoshikilia mhimili wa feni uzunguke. Kama mkono wako si mwepesi, mpe fundi, na umwombe abadilishe papo hapo pesti ya prosesa, ile dawa inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa.

Kisha ingia mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100% hadi 99%. Kwa laptopu nyingi hilo huzima mwendo wa ziada wa prosesa (turbo boost) na joto hushuka sana. Gemu nazo ziwekee kikomo cha fremu (picha) 60 kwa sekunde.

Na tafadhali, usichezee kitandani. Godoro linaziba matundu ya chini.

Ikiwa baada ya usafi feni inakwaruza badala ya kuvuma, huenda beringi imekwisha. Nunua feni mpya.