Walengwa wa TASAF na kibarua cha machungwa Muheza

Ndugu, umeuliza kwa nini baadhi ya walengwa wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania) huko Muheza, mkoani Tanga, husita kupokea kibarua cha siku chache cha kuchuma machungwa, ukadhani ni uvivu. Mimi naona ni hesabu. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao TASAF huusimamia, haukati ruzuku kwa kila shilingi ya kibarua. Kinachoogopwa ni kaya kutathminiwa upya na kuonekana imeinuka, hivyo mama aliyekwisha kuambiwa na jirani kwamba bati jipya litamtoa kwenye orodha atafikiri mara mbili kabla ya kuonekana akipakia magunia kwenye lori, maana msimu utakwisha na ruzuku ikishaondoka hairudi kirahisi. Ajira za muda za mpango wenyewe, ambazo ni hadi siku 60 kwa mwaka, hazina hofu hiyo. Linganisha na Uingereza: kwenye Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, tangu mwishoni mwa 2021 kila pauni ya mshahara inayozidi kiwango cha msamaha (sehemu ya mshahara isiyohesabiwa), kwa wanaostahili msamaha huo, hupunguza posho kwa pensi 55. Ni makato makubwa, lakini angalau mtu hujua mapema atabakiwa na nini. Walengwa wetu nao waelezwe waziwazi, kwenye mkutano wa kijiji, ni mambo gani hasa yanayoangaliwa katika tathmini.