Kocha au usajili: nani aliiangusha Nebraska?

SWALI: Mhariri, kila tunapozungumzia timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska, wenzangu hudai kwamba enzi za kocha Scott Frost iliponzwa na usajili mbovu, nami nalilaumu benchi la ufundi. Nani yuko sahihi? Msomaji, Omaha.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sehemu kubwa nakuunga mkono. Mwaka 2021 timu ilishindwa mara 9 katika michezo 12, lakini hakuna kipigo hata kimoja kilichozidi tofauti ya pointi 9, na kikosi kisicho na vipaji hakishindwi kwa kubanana namna hiyo. Katika mchezo wa mwisho dhidi ya Iowa, Nebraska iliongoza 21 kwa 6, kisha teke la kuondosha mpira likazuiwa, wapinzani wakauokota na kufunga, na hatimaye ikalala 28 kwa 21. Uzembe wa aina hiyo hurekebishwa mazoezini. Frost, ambaye akiwa mchezaji aliisaidia timu hiyohiyo kutwaa ubingwa wa 1997, alifutwa kazi Septemba 2022, akiwa ameshinda michezo 16 na kushindwa 31.

Hata hivyo, wenzako wana hoja: jimbo lina watu takriban milioni 2 tu, hivyo vipaji vingi hutafutwa mbali, na tangu 2021 mchezaji anayehama chuo kwa mara ya kwanza halazimiki kukaa nje msimu mzima, jambo linalomfanya kocha awabembeleze hata wale alio nao tayari.