Muuguzi Anayetaka Kufundisha kwa Midoli Aanzie Wodini Kwake

Wauguzi na wakunga wengi wanaotaka kuingia kwenye ufundishaji wa kuigiza, yaani kufundisha huduma kwa mdoli badala ya mgonjwa, huanza kwa kutafuta cheti. Anza na meza moja, mdoli mmoja na wenzako wa zamu. Chuo au mradi unaotafuta mwezeshaji utakuuliza umeendesha mazoezi mangapi, kwa kina nani, na nini kilibadilika. Majibu hayo yapo kwenye daftari la wodi.

Mfano mzuri ni Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 watumishi walipewa kozi ya siku moja ya Helping Babies Breathe, inayofundisha kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Walipopimwa tena kwa mdoli miezi saba baadaye, walifanya vizuri kuliko kabla ya kozi, lakini huduma kwa watoto walioshindwa kupumua leba haikubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mazoezi ya namna hiyo hayajiendeshi. Yanahitaji mtu wa kuyasimamia kila wiki, na mtu huyo unaweza kuwa wewe.

Omba dakika 10 wakati wa kukabidhiana zamu, siku moja kwa wiki, wawili wawili. Mdoli wa mtoto mchanga uitwao NeoNatalie hujazwa maji ya uvuguvugu, yapata lita mbili, ili uzito na ulegevu wake vifanane na vya mtoto mchanga. Ukimaliza, mwaga maji yote na uukaushe kabla ya kuufungia kabatini, la sivyo mdoli utaota ukungu. Ufunguo wa kabati ubaki leba. Ufunguo ukikaa ofisini kwa matroni, wa zamu ya usiku hawatafanya mazoezi kamwe.

Kosa la kwanza la mwezeshaji mpya ni huruma. Vibonyezo vya mdoli vya pumzi, kilio na mapigo ya kitovu viko mkononi mwako, na ukimwona mwenzako anahangaika unashawishika kumliza mtoto mapema. Usifanye hivyo. Ataondoka akiamini kubonyeza ambu (mfuko wa kupulizia hewa kupitia barakoa) mara tatu kunatosha. Subiri kifua kiinuke kweli, kwa mwendo wa pumzi 40 hivi kwa dakika. Kisipoinuka, mwache apite hatua zake mwenyewe: kubana barakoa upya, kurekebisha kichwa, kuondoa ute, kufungua mdomo kidogo, kisha kubonyeza kwa nguvu zaidi. Mara nyingi hewa inavuja pembeni mwa barakoa au shingo imekunjwa.

Lakini kinachotofautisha mkufunzi na mtu anayejua kutumia mdoli ni mjadala wa baada ya zoezi. Zoezi kamili la dakika 10, si lile fupi la kukabidhiana zamu, lipe mjadala wa dakika 20. Anza kwa kuuliza wanajisikiaje, kwa sababu mtu ambaye moyo bado unamwenda mbio hasikii maelezo. Kisha sema ulichokiona, sema kilichokutia wasiwasi, halafu uliza: "Niliona barakoa ikihamishwa mara tatu na kifua hakikuinuka. Nilihofia dakika ya dhahabu, ile ya kwanza baada ya kuzaliwa, inaisha. Ulikuwa unawaza nini?" Ukiuliza "Kwa nini hukurekebisha kichwa?" utapata kisingizio au kimya cha aibu. Baada ya swali, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Wawezeshaji wengi hujijibu wenyewe wakifika tatu, na hapo somo linageuka mhadhara.

Heshima ya wakubwa nayo ipangiwe. Usimweke sista mfawidhi mbele ya wanafunzi kwa mara ya kwanza. Akiabika, mlango wa wodi utafungwa. Mpe zoezi akiwa na wa rika lake. Na kabla ya kuanza, watangazie wote kwamba yatakayoonekana hapa hayaingii kwenye tathmini ya kazi, kisha utimize.

Baada ya miezi michache, andika zoezi lako la ukurasa mmoja lenye lengo moja tu. Kutokwa damu baada ya kujifungua kunafaa sana: mwezeshaji anavaa MamaNatalie, kifaa cha kuigiza mama anayejifungua, na kuachia damu bandia taratibu kwenye khanga. Mwambie mwanafunzi akadirie kiasi, kisha mpime pamoja. Wengi hukadiria pungufu, kwa sababu kitambaa kinaficha damu. Dawa zote za zoezi ziandikwe "YA MAZOEZI TU" na zihesabiwe kabla na baada. Ampuli ya maji yenye lebo ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, ikirudi kwenye toroli ya leba inaweza kumuua mama.

Ukienda chuoni kuomba nafasi, beba zoezi hilo na daftari lako, na uombe kwanza kuwezesha kipindi kimoja pamoja na mkufunzi wao. Soma pia viwango vya INACSL, chama cha kimataifa cha wauguzi wanaofundisha kwa kuigiza. Maneno yake ndiyo yanayotumika kwenye usaili. Cheti cha CHSE cha wakufunzi wa kuigiza, kinachotolewa na Society for Simulation in Healthcare ya Marekani, kinadai miaka miwili ya kazi ya kuigiza, kwa hiyo daftari uliloanza leo ndilo litakalokufikisha huko.

Ukishapata kazi chuoni, jitahidi usiache zamu za leba kabisa, hata moja kwa wiki. Wanafunzi watakuuliza mambo yanavyokwenda huko sasa hivi.