Kipaji kikubwa, rekodi chafu: timu imchukue?

Mkuu, umeuliza kama timu za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, zimchukue kijana mwenye kipaji lakini ana kesi nje ya uwanja. Mimi naangalia alichofanya.

Randy Moss alikwepwa na timu nyingi kwenye drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) ya 1998 kwa sababu ya ugomvi wa shuleni na bangi. Minnesota Vikings wakambeba akiwa wa 21 kuchaguliwa, na msimu wa kwanza tu akadaka tachidauni 17, yaani mipira ya kufunga. Huyo sawa, ningemchukua.

Lawrence Phillips alimpiga aliyekuwa mpenzi wake akiwa chuoni Nebraska, na bado timu ya Rams wakamchukua wa 6 mwaka 1996. Novemba 1997 wakamtema. Huyo nisingemgusa hata angekuwa na mbio za swala. Usiku wa drafti kamera zote ziko kwa mchezaji. Yule dada nani anamuuliza hali yake?